Pazia la mtumba, kitenge au kitambaa cha jora: kipi kivae makochi yaliyotumika?

Kochi lililotumika lenye fremu ya mninga au mvule ni mali. Mbao za namna hiyo huchukua miaka mingi kuchoka. Kinachotangulia kuchoka ni kitambaa, kisha sponji. Ndiyo maana watu hununua seti kwa jirani anayehama mji, wakaibeba kwa bajaji ya mizigo au kwa mkokoteni, na ikishafika sebuleni linabaki swali moja: niivalishe nini?

Vitambaa vinavyoshindana hasa ni vitatu. Kuna pazia zito la mtumba, lile linalotoka kwenye marobota ya masoko ya mitumba kama Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi. Kuna kitenge, pamoja na ndugu yake khanga. Halafu kuna kitambaa kipya cha makochi kinachokatwa kwa mita kutoka kwenye jora. Navilinganisha kwa kazi ya aina moja tu: makava ya mito inayotoka, ambayo mtu mwenye cherehani ya kawaida anaweza kuyashona nyumbani. Kochi ambalo kitambaa chake kimegongewa kwenye fremu ni kazi ya fundi makochi, na hilo tuwaachie mafundi samani wa Keko, Dar es Salaam, na wenzao.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa mito ya kukalia, pazia la mtumba lililochaguliwa vizuri linawashinda wenzake wawili karibu kila mara. Kitenge nakipenda sana, lakini mahali pake ni kwenye mito ya kuegemea na ile midogo ya urembo. Kitambaa cha jora nakishauri kwa watu wachache, na nitawataja.

Kwanza, je, mto wenyewe unastahili kava?

Bonyeza sponji kwa goti, uachie. Likirudi mahali pake mara moja, endelea. Likibaki na shimo, au ukihisi ubao chini ya goti lako, hakuna kitambaa kitakachokusaidia. Kava jipya juu ya sponji lililokufa hukunjamana ndani ya wiki chache, na lawama anabebeshwa mshonaji. Sponji jipya hukatwa kwa kipimo kwa wauza magodoro. Taka lile gumu, zito mkononi, na si lile jepesi linalouzwa rahisi.

La pili ni kunguni. Angalia kwenye mishono ya kava la zamani, kwenye zipu, na kwenye maungio ya mbao chini ya kochi. Alama zao ni vidoa vidogo vyeusi vinavyofanana na ncha ya kalamu ya wino, na maganda mepesi ya rangi ya kahawia. Ukizikuta hizo, usiingize seti ndani. Kunguni wanaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kuliacha kochi stoo wiki mbili hakusaidii. Makava yafuliwe kwa maji ya moto wa nyuzi 60 au zaidi, fremu ishughulikiwe kwa dawa, na sponji la zamani litupwe. Dawa hii ya maji ya moto itumie pia kwa pazia la mtumba, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ni safi.

Pazia la mtumba

Sifa yake kubwa ni uzito. Pazia zito la Ulaya limefumwa lining'inie miaka mingi bila kulegea, na ufumaji huo ulioshikana ndio mto wa kukalia unaouhitaji. Sifa ya pili ni kwamba kwa kawaida limeshafuliwa, kwa hiyo kama ni la kurudi huenda limesharudi. Ya tatu ni upana. Mapazia mengi yana upana unaokaribia sentimita 140, na hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu.

Chukua mto wa kawaida: sentimita 55 kwa 55, unene 10. Kava rahisi kuliko yote hutengenezwa kwa vipande viwili tu, cha juu na cha chini, bila ule ukanda wa pembeni unaowatisha wanaoanza. Kila kipande ni upana wa mto, ukijumlisha unene, ukijumlisha sentimita 3 za mshono: 55 na 10 na 3, yaani 68. Kwenye upana wa 140, vipande viwili vya 68 vinakaa bega kwa bega na bado unabakiwa na sentimita 4. Pazia lenye urefu wa mita 2 na sentimita 30 linatoa safu tatu, vipande sita, makava matatu. Kwa hiyo jozi moja ya mapazia inavalisha mito mitano ya seti ya 3-1-1 (kochi moja la watu watatu na mawili ya mtu mmoja mmoja), na kinabaki kitambaa cha mto wa sita.

Pembe za kava hilo hushonwa hivi. Ukishaunganisha pande zote, kava likiwa bado ndani nje, shika pembe na uifinye mpaka mshono wa upande mmoja ulalie mshono wa upande mwingine. Pembe inakuwa pembetatu yenye ncha. Pima sentimita 5 kutoka kwenye ncha ya mshono, chora mstari wa kukata pembetatu hiyo, na utaona mstari wenyewe una urefu wa sentimita 10, sawa na unene wa mto. Shona juu ya mstari, rudia mara ya pili, kata ncha. Fanya hivyo pembe zote nne. Ukigeuza kava, limekuwa sanduku. Kwa mto wa unene mwingine kanuni ni ileile: pima nusu ya unene kutoka kwenye ncha.

Sasa udhaifu wake. Pazia limekaa dirishani, na jua hula nyuzi pia, si rangi tu. Kabla hujalipa, shika kitambaa kwa mikono miwili karibu na ukingo uliokuwa upande wa dirisha, ukivute kwa nguvu, kisha ukiinue kwenye mwanga. Ukisikia mlio wa nyuzi kukatika, au ukiona mistari myembamba inayopitisha mwanga, rudisha. Fanya hivyo sehemu tatu au nne, kwa sababu jua halikupiga pazia zima sawasawa.

Epuka mapazia ya kuzuia mwanga yenye utando wa mpira mgongoni. Yanashawishi kwa uzito wake, lakini hayapitishi hewa, anayekaa juu yake hutoka jasho, na utando huanza kubanduka kwa kukaliwa na kwa pasi ya moto. Yale yenye bitana ya kawaida ni afadhali: fumua bitana, uitumie kutengeneza kava la ndani la sponji.

Kama hujui pazia ni la pamba au la polista, chomoa uzi mmoja kwenye pindo na uuchome. Pamba huungua mithili ya karatasi na kuacha majivu laini. Polista huyeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Vyote vinafaa. Pamba ni baridi zaidi kukalia, polista haipauki haraka na hukauka upesi. Ukipata mchanganyiko wa hivyo viwili, umepata kitambaa bora kuliko vingi vya dukani.

Kasoro ambayo haina dawa ni kwamba pazia la mtumba halina la pili. Ukiharibu kipande, huwezi kurudi sokoni kununua nusu mita. Kwa hiyo nunua jozi kamili, ukate vya kukalia kwanza, na urembo upangwe kwa masalio.

Kitenge na khanga

Kwa uzuri wa rangi hapa hakuna ushindani. Mtu akiingia sebuleni macho yanakwenda kwenye kitenge, basi. Na kinapatikana kila mahali, kuanzia Kariakoo mpaka Biashara Street ya Mombasa, na ukikihitaji tena mwezi ujao mara nyingi unakuta mtindo uleule.

Tatizo ni kwamba kimefumwa kwa ajili ya mwili wa mtu, si kwa uzito wa watu watatu wanaotazama mpira. Ukikiweka kwenye mto wa kukalia peke yake, huanza kuachia pembeni mwa mishono, nyuzi zinasogeana na matundu madogo yanaonekana. Waweza kukiongezea nguvu kwa kukishonea bitana ya shuka la zamani au marekani, lakini sasa umenunua vitambaa viwili na unashona kazi mara mbili.

Na hesabu yake ni ya kubana. Upana wa kitenge ni kama sentimita 115. Ukipanga kwa akili, kava la kufunga kwa bahasha (nitalieleza hapa chini) kwa mito mitano ileile linakula mita 5 na sentimita 44. Yadi 6 ni mita 5 na sentimita 49. Kwenye karatasi inatosha. Lakini kitenge cha pamba ni lazima ukifue kabla ya kukata, na kikirudi hata kwa asilimia 3 tu, sentimita 16 zimeondoka kwenye urefu, na upana nao umepungua. Hapo mto wa tano hauna kava. Anayekushauri ushone kwanza ufue baadaye anakuandalia makava yasiyoingia mitoni baada ya kufua mara ya kwanza.

Kiweke sasa kwenye mito midogo ya sentimita 45 kwa 45, uone kinavyong'aa. Kava lake ni kipande kimoja: upana 48, urefu 111. Kunja pindo za ncha mbili, laza kitambaa uso juu, kunja ncha zije katikati zilaliane kwa sentimita 15, shona pande mbili zilizo wazi, geuza. Kazi imekwisha, huna zipu wala kifungo. Na kwa vile 111 inaingia kwenye upana wa kitenge, kila mto unakula sentimita 48 tu za urefu. Kitenge kimoja cha yadi 6 kinakupa mito kumi bila wasiwasi. Kwa anayejifunza kushona, aanzie hapa. Hata kwa mkono inawezekana.

Khanga ni nyepesi zaidi ya kitenge, kwa hiyo yote niliyosema yanazidi kwake. Ninachokipenda ni namna mji na pindo zinavyoweza kupangwa: mji ukae katikati ya mto, pindo izunguke. Jina la khanga likikaa upande wa mbele linasomeka vizuri. Ila soma maneno kabla ya kukata. Khanga yenye jina la Mungu au dua isiwekwe mahali pa kukalia. Iweke kwenye mto wa kuegemea, au iache iwe khanga. Ukiiweka pa kukalia, kuna wageni watakaokosa pa kuketi nyumbani kwako.

Kitambaa cha jora

Hiki ndicho kilichotengenezwa kwa kazi yenyewe. Watengenezaji hukipima kwa kukisugua kwenye mashine ya Martindale, na kwa kochi la nyumbani linalokaliwa kila siku kinachotafutwa ni kitambaa kilichovumilia misuguo kuanzia 15,000 hadi 25,000 au zaidi. Kama lebo ya jora inaonyesha namba hiyo, isome. Kama hakuna, tumia kucha: sugua sehemu moja kwa nguvu kwa dakika nzima. Kikitoa vinyweleo, kochini kitatoa vingi zaidi.

Faida zake ni kwamba upana ni wa 140 hivi, kinatosha kila mto kwa rangi moja, na dukani kipo cha kuongeza. Hasara ya kwanza ni bei: mara nyingi ndicho ghali kuliko vyote, na mtu aliyenunua kochi lililotumika ili aokoe fedha anajikuta amelipia kitambaa kuliko kochi. Hasara ya pili ni ushonaji. Velveti ina manyoya yanayolala upande mmoja. Ukigeuza kipande kimoja ili kubana matumizi, mto huo utaonekana wa rangi nyingine mchana wa jua. Vile vyenye nyuzi nene zilizofumwa kwa kulegea huchambuka ukingoni mara tu mkasi ukipita, na bila overloki au zigizaga mshono utaachia.

Hali ya hewa nayo ina neno. Velveti ya polista Njombe, Arusha au Limuru ni faraja. Tanga, Lamu au Unguja mwezi wa Februari inanata mwilini. Na ngozi bandia, reksini laini inayouzwa nayo kwa jora, siishauri Pwani hata kidogo: joto na unyevu huilainisha ule utando wa juu mpaka ukaanza kubanduka vipande vipande.

Nani basi anunue kitambaa cha jora? Mwenye seti kubwa ya watu saba, kwa sababu kupata pazia la mtumba la kutosha rangi moja ni bahati. Mwenye kampuni, kliniki au nyumba ya wageni, ambaye makava yatafuliwa mfululizo na yatahitaji ya akiba yanayofanana. Na mwenye fundi mzuri karibu, kwa kuwa kitambaa hiki kinalipa kikishonwa kwa mashine nzito.

Zipu au bahasha

Watu hufikiri bahasha, yaani ule ufungaji wa vipande viwili kulaliana, ni wa bei rahisi kwa sababu hununui zipu. Kwa mto mdogo wa kitenge ni kweli. Kwa mto wa kukalia, piga hesabu tena. Mito mitano ya 55 kwa 55, kwenye kitambaa cha upana wa 140, inakula mita 3.4 ukitumia zipu. Ukitumia bahasha, upande wa chini unahitaji nyongeza ya kulaliana na pindo mbili, na jumla inafika karibu mita 4.1 hata ukipanga kwa akili. Kama kitambaa ni cha jora, zile sentimita 70 hivi zinaweza kuzidi bei ya zipu tano. Kama ni pazia la mtumba, zinakula kile kitambaa cha mto wa sita.

Zaidi ya hapo, mto wa kukalia husukumwa mbele na nyuma siku nzima, na bahasha huachama chini yake. Watoto wakiwepo, mikono na makombo yanaingia. Mimi huweka zipu kwa mito ya kukalia bila kujadiliana, na bahasha kwa midogo.

Zipu isikutishe. Nunua ile ya kukata kwa mita na vichwa vyake kando, kata urefu wa sentimita 55. Weka vipande viwili vya kava uso kwa uso na ushone upande wa nyuma wote kwa mshono wa kawaida, lakini zile sentimita 55 za katikati zishone kwa mishono mirefu ya kufumuliwa. Fungua mshono kwa pasi ulale bapa. Laza zipu juu yake, meno yakitazama chini katikati ya mshono, ipigie bandi (mishono ya mkono ya kuishikilia kwa muda), kisha ishone pande zote mbili. Geuza, fumua ile mishono mirefu kwa ncha ya mkasi, na zipu inaonekana imekaa katikati, imenyooka. Iache wazi nusu kabla hujashona pande tatu zilizobaki, la sivyo hutaweza kuligeuza kava.

Mkono, cherehani au fundi

Cherehani ya kawaida, ya mguu au ya mkono, inashona pazia zito bila shida kwenye tabaka mbili. Panapogoma ni pembeni, tabaka zinapokuwa nne. Weka sindano namba 16, refusha mshono ufike milimita 3, na ukifika penye unene zungusha gurudumu kwa mkono taratibu. Kitenge kinataka sindano namba 11 au 12, maana namba 16 inaacha matundu. Uzi uwe wa polista kwa vyote. Uzi wa pamba hukatika mapema kochini.

Kwa mkono, mito midogo inawezekana, hata ya kukalia ukiwa na subira, mradi utumie mshono wa kurudi nyuma. Bandi peke yake haitabeba mtu.

Ukiamua kwenda kwa fundi, mpelekee kitambaa kilichokwisha kufuliwa, vipimo vya kila mto vimeandikwa, na mto mmoja aushike mkononi. Mito ya seti moja iliyotumika mara nyingi haifanani: ule wa katikati ya kochi refu umebonyea, wa pembeni haujaguswa. Mwambie, "Fundi, naomba kila kava lifuate mto wake, na uandike namba kwa chaki upande wa ndani." Mwombe pia apunguze sentimita 1 kwenye kila kipimo kama sponji ni jipya, kava libane. Na masalio yote, hata vipande vya kiganja, yarudi nyumbani nawe. Mto wa kwanza kuchanika ni ule wa karibu na televisheni, na kiraka chake kinatakiwa kiwe cha kitambaa kilekile.